Alihama Masomo, Akanyamaza

"Funga mlango, halafu uangalie," Mzee Grégoire alisema, mkono wake tayari kwenye fundo la kikoi.

Raphaël, aliyefika jana kwa likizo, alifunga mlango. Kuangalia kukamshinda.

"Baba, ngoja kidogo. Humu ndani mna giza."

"Giza gani? Jua la saa sita iko mu dirisha! Unaona haya?"

"Kidogo, Baba."

"Haya utaona ukiisha kumuoa Sidonie. Siku hiyo utakuwa mukwe, na mukwe haoni uchi wa baba mukwe hata kufa. Leo bado uko mutoto ya watu. Unipasue kwanza, ndipo muoane."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile kijijini Wamaza kwa miaka minne, tangu Raphaël alipokwenda chuo kikuu kule Léopoldville kusomea udaktari. Mzee alikuwa na ngiri. Aliipata kwa kubeba vikapu vya pamba ya kulazimishwa, na sasa ilikuwa kubwa kama papai. Mara mbili daktari Mzungu wa Kasongo alitaka kumpasua, mara mbili mzee alikataa, sababu ya barua moja tu. Katika mwaka wake wa kwanza Raphaël alimwandikia Sidonie kwa majivuno: "Mwambie Baba asikubali kisu cha mtu mwingine. Anisubiri mimi."

Mzee alisubiri.

"Nitaangalia kesho, Baba," Raphaël alisema, akatoka kama mwizi.

Nyuma ya jiko Sidonie alikuwa akimenya muhogo.

"Umeona?"

"Sikuona."

"Kwa nini?"

"Sidonie, mimi si munganga."

"Najua. Bado miaka mitatu."

"Hapana. Sitakuwa munganga. Niliacha."

Kisu kilisimama katikati ya muhogo.

"Walikufukuza?"

"Hawakunifukuza. Chuo ni kile kile, nimehama masomo tu. Walituweka mbele ya maiti tuikate. Nikaanguka. Siku ya pili nikaanguka tena. Wenzangu wakawa wananiwekea kiti mapema."

"Sasa unasoma nini?"

Raphaël aliokota ganda la muhogo, akalivunja.

"Raphaël, nakuuliza."

"Agronomia."

Sidonie alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Agronomu? Kama yule anayepima mashamba ya pamba na kufunga watu? Baba alilala gerezani siku saba sababu ya agronomu. Ngiri ile ilitoka kwa agronomu! Na ulienda mpaka Léopoldville kujifunza kulima? Ungeniuliza mimi. Jembe iko pale."

"Nataka watu walime chakula chao, si pamba ya..."

"Nyamaza. Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Kwa miaka hiyo miwili nimepata barua zako kumi na moja. Uliandika mvua, uliandika chakula kibaya, uliandika unanipenda. Hiyo hukuandika."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaona afadhali tumupoteze Baba."

Mwanamke alikuwa amesema kweli.

"Léontine tulisoma naye kwa masista," Sidonie aliendelea. "Leo iko na watoto watatu. Mimi wananiita mjane wa mutu aliye hai. Nilivumilia. Lakini maneno yako yamemufunga Baba mpaka leo. Ingia umufungue."

"Kesho. Nitafute mjomba wa kunisindikiza."

"Leo."

"Atanikatalia kukuoa."

"Akukatalie."

Hakuingia. Alijidanganya kwamba neno zito halisemwi na mtu mmoja, akaenda kwao, akala, akalala. Siku moja tu. Lakini ile miaka miwili ilianza hivyo hivyo, kwa siku moja.

Asubuhi Mzee Grégoire alianguka shambani. Walimleta akitapika, uvimbe umekuwa mgumu kama jiwe. Raphaël alikuja mbio. Mwaka na nusu wa udaktari ulitosha kumwambia kwamba utumbo umenyongwa ndani ya ngiri.

"Pasua," mzee alisema.

"Baba..."

"Kisu iko! Julienne amechemusha maji. Pasua!"

Mama Julienne, mke wa mzee, alisimama na beseni mkononi, akimtazama Raphaël kama anavyotazama sanamu ya Bikira Maria. Macho yale yalimchoma kuliko matusi. Akapiga magoti mbele ya watu wote.

"Baba, mimi si munganga. Niliacha, miaka miwili sasa. Nasoma agronomia. Nilikudanganya kwa kunyamaza. Ile barua usiifuate tena. Twende Kasongo sasa hivi. Tukichelewa utakufa, na mimi ndiye nitakuwa nimekuua."

Mama Julienne aliweka beseni chini, polepole.

"Agronomu?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Mu nyumba yangu?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee alifumba macho. Kisha, pamoja na maumivu yote, akavuta kikoi na kujifunika vizuri.

"Basi geuka. Kama hauko munganga, usiniangalie."

Hakuna aliyejua kama amefukuzwa au amepokewa. Raphaël aligeuka. Walimweka mzee kwenye machela, yeye akashika miti ya mbele ili mgongo wake uwe kwa mzee. Alibeba hivyo mpaka barabara kubwa, akikataa kila aliyetaka kumpokea. Huko walimkuta mfanyabiashara Asani na lori lake la mpunga.

"Shusheni magunia kumi," Asani alisema. "Mpunga utangoja. Mzee hatangoja."

Kule Kasongo daktari alikata kipande cha utumbo kilichokwisha kuoza.

"Miaka miwili iliyopita ilikuwa kazi ya nusu saa," aliwaambia.

Mzee aliishi. Jembe hakushika tena.

Siku ya kumi Sidonie alimkuta Raphaël ameketi barazani mwa hospitali.

"Baba anauliza kama agronomu amekula."

"Alicheka?"

"Hakucheka. Aliuliza."

"Sidonie, nitarudi kwenye udaktari. Nitaomba..."

"Utaanguka tena, na utanyamaza tena. Maliza hiyo agronomia yako."

"Na sisi?"

"Baba amekubali. Jumapili padri atatangaza majina."

"Umenisamehe?"

"Hapana. Nakupenda, na sijakusamehe. Vyote viwili viko. Kule chuoni kuna nyumba za wanafunzi wenye wake?"

"Ziko."

"Basi naenda na wewe. Sitaki tena kukaa Wamaza nikisoma barua. Ukiwa na uongo, uniambie usoni."

Walifunga ndoa mwezi wa tisa. Mzee Grégoire alikaa kwenye kiti, mkono tumboni, amekonda. Habari ilikuwa haijafika vijiji vyote, na akina mama waliotoka mbali walipiga vigelegele wakimshika bwana harusi mikono:

"Munganga wetu! Munganga wetu ameoa!"

"Mama, mimi si munganga," Raphaël alijibu. "Niliacha. Nilidanganya watu."

Kigelegele kilikatika. Mama yule wa kwanza akamtazama bibi harusi, akamtazama mzee kwenye kiti, akaachia mkono.

Akaja wa pili, akaambiwa hivyo hivyo. Akaja wa tatu. Kila mara Sidonie alisimama kando yake, akangoja mpaka aseme yote, ndipo akamshika mkono wakasogea kwa mwingine.