Swali la Eunsim

Soko la Bujeon asubuhi ya Jumamosi halina adabu. Wanawake wa Busan husukumana kwa vikokoteni, kwa viwiko na kwa ndimi, na asiyejua kujitetea hurudi nyumbani na kapu tupu. Eunsim wa ukoo wa Ma alijua kujitetea. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mpishi wa supu ya nguruwe katika mgahawa wa shangazi yake, na asubuhi ile alikuwa amevaa aproni ya maua, buti za mpira na kitambaa cha manjano kichwani. Alikuwa ameshaushika mdomo wa gunia la mwisho la vitunguu vyekundu, mara mkono mwingine ukatua upande wa pili.

"Samahani, dada," alisema mwenye mkono. "Mimi nataka kimoja tu."

Eunsim alimtazama. Kijana mrefu, mwembamba, koti la kijivu limemkaa kama limetundikwa msumarini.

"Kimoja? Unampikia nani, panya?"

"Simpikii mtu. Nataka ngozi yake. Ile laini iliyo chini ya ganda kavu, yenye rangi."

"Jamani," Eunsim alimgeukia muuza vitunguu, "huyu anachuna vitunguu ngozi."

Muuzaji alicheka mpaka akashika kiuno. Yule kijana naye akacheka, masikio yamemwiva. Alijieleza: jina lake Ok Gichan, siku za kazi alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, na Jumamosi alasiri alijitolea kufundisha baiolojia katika shule ya watu wazima, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu.

"Wanafunzi wako watu wazima kweli?"

"Wengine wana wajukuu. Njoo uone ndani ya kitunguu kuna nini, dada."

"Mimi nakata vitunguu tangu utotoni. Ndani kuna machozi."

Alimpa viwili, akalibeba gunia lake akaenda zake. Lakini njia nzima alikuwa akiwaza ile shule. Eunsim aliacha masomo akiwa na miaka kumi na mitano, baba yake alipougua. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili. Baada ya maziko shangazi alimchukua, na jiko likammeza. Mara mbili alijaribu mtihani wa watu wazima wa kumaliza sekondari, na mara zote mbili sayansi ilimwangusha. Alitaka kuwa muuguzi. Hilo hakumwambia mtu, maana alichoka kuchekwa.

Alasiri ile alivua aproni, akavaa sweta la bluu na kupanda zile ngazi.

Gichan alimsogezea hadubini. Eunsim alifumba jicho moja, akainama. Aliona vyumba vidogo vidogo vya zambarau, vimepangana kama matofali ya ukuta, na ndani ya baadhi yake doa dogo lililotulia.

"Hizo ni seli," Gichan alisema. "Lile doa ni kiini. Ndimo yanamokaa maelekezo yote ya kitunguu kuwa kitunguu."

"Na mimi?"

"Na wewe. Matrilioni ya vyumba kama hivyo, ila vyako havina kuta ngumu. Vina utando laini tu."

"Basi ndiyo maana naumia upesi," alisema Eunsim bila kuinua kichwa, na bibi mmoja wa dawati la nyuma akaguna kwa raha.

Tangu siku hiyo hakukosa somo. Gichan alipofundisha jinsi maji yanavyoupenya utando wa seli kuelekea kulikozidi chumvi, Eunsim alipiga meza. "Kabichi," alisema. "Tunaipaka chumvi, inalegea, beseni linajaa maji." Na Gichan akafuta mfano wake ubaoni, akachora kabichi.

Simu zikaanza. Kwanza za masomo, halafu za visingizio vya masomo.

"Swali," Gichan angesema. "Ndani ya seli, nani anageuza chakula kuwa nguvu?"

"Mimi hapa jikoni."

"Mitokondria, dada."

"Acha kuniita dada. Umenizidi urefu, mimi nimekuzidi miaka mitatu tu, na unaniita kama nimekulea."

"Nikuite nani basi?"

"Fikiria. Wewe si msomi?"

Alifikiria siku mbili, kisha akapiga. "Eunsim wangu," alisema, akakata simu kwa woga. Eunsim alisimama mbele ya sufuria akitabasamu mpaka shangazi akamuuliza supu imemwambia nini.

Wakawa wanatembea pamoja ufukweni Gwangalli baada ya somo, wakila keki za samaki za kijiti, wakiulizana maswali ya mtihani. Siku moja upepo ulipozidi, Gichan alimvalisha lile koti la kijivu, na hakulidai tena.

Mambo yaliharibika walipofika kwenye mgawanyiko wa seli. Ilikuwa alasiri ya joto, darasa linasinzia, na Gichan akatafuta kichekesho cha kuliamsha.

"Seli njema ina heshima," alisema. "Ikiambiwa acha kugawanyika, inaacha. Muda wake ukifika, inakufa. Sasa seli ya saratani ni ule mgeni asiyejua kuaga. Anakula, anazaana, haondoki. Kwa ukaidi wake angepewa medali."

Darasa likacheka. Eunsim alifunga kitabu, akainuka na kutoka. Gichan alidhani amekumbuka sufuria aliyoiacha motoni.

Jioni alipiga, simu haikupokelewa. Kesho yake vilevile. Keshokutwa alifika mgahawani, na Eunsim akamletea bakuli la supu, akaliweka mezani kwa adabu kama anamhudumia mgeni kabisa.

"Nimekukosea nini?"

"Supu itapoa, mwalimu."

Gichan alikwenda zake akiamini kwamba amechokwa. Eunsim alibaki akiamini kwamba amempenda mtu asiye na moyo. Hakulia wala hakuacha kusoma. Alibandika michoro ya seli ukutani juu ya sinki, akawa anakariri huku anaosha bakuli. Sura moja tu hakuweza kuifungua, ile ya mgawanyiko, na mtihani ulikuwa unakuja.

Ndipo ikafika siku ya kumkumbuka baba yake. Walipanga meza ya marehemu, wali, samaki, matunda, na shangazi akainama mbele ya picha. Kisha, kama kila mwaka, akasema, "Kaka yangu alikuwa na nguvu. Lakini tambi za pakiti asubuhi na jioni, damu ya mtu itaacha kuharibika?"

Aliyekuwa akipika zile tambi ni Eunsim. Hakujua kupika kingine, alikuwa mtoto. Baba alikufa kwa saratani ya damu, na tangu hapo Eunsim alijifunza kupika kila kitu.

Kesho yake mchana alikwenda hospitalini, akamwita Gichan nje ya maabara.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nina swali, unijibu kama mwalimu. Baba yangu alikufa kwa saratani ya damu. Mimi ndiye niliyekuwa nampikia. Je, nilimuua?"

Gichan alikaa kwenye benchi. Alikumbuka ile medali. Alijifunika uso, halafu akashusha mikono, kwa sababu mtu alikuwa anangoja jibu.

"Sikiliza. Ndani ya mifupa mna uboho, ndio unaotengeneza damu mpya kila siku, mabilioni ya seli. Seli ikigawanyika, inanakili maelekezo yake yote, na wakati mwingine inakosea. Makosa mengi hurekebishwa. Likitokea baya zaidi, seli hujiua yenyewe. Kwa baba yako, kosa moja liliponyoka, na mengine yakafuata."

"Kwa nini kwake?"

"Sijui. Sitakudanganya, hakuna atakayekuambia. Lakini hazikuwa tambi zako, Eunsim. Hilo nalijua."

Eunsim alilia hapo, mbele ya wagonjwa na wauguzi wanaopita, bila kujificha.

"Nisamehe," Gichan alisema alipoona ametulia. "Ningejua, ningekata ulimi."

"Usiukate. Una sura nzima ya kunifundisha, na siku zimekwisha."

Siku hiyohiyo alisimama mbele ya shangazi jikoni. "Shangazi, haikuwa tambi." Akamweleza yote, kiini, nakala, kosa. Shangazi aliacha kukoroga supu.

"Nilihitaji mtu wa kumlaumu," alisema, "na wewe ndiye uliyekuwa karibu." Akamvua aproni kwa mikono yake mwenyewe. "Nenda kasome. Supu naijua."

Eunsim alifaulu mtihani. Majira ya baridi chuo cha uuguzi cha Busan kikampokea. Mwezi huohuo Gichan akapata nafasi ya utafiti katika mji wa Daejeon, na ikawafikisha wote wawili kwenye jukwaa la treni, asubuhi ya jua kali na baridi.

"Njoo nami," Gichan alisema. "Huko pia kuna vyuo. Utaomba mwakani."

"Siji."

"Hata kidogo hufikirii?"

"Nimefikiria. Nimengoja miaka kumi na sita, mpenzi wangu. Siongezi hata mmoja, hata kwa ajili yako."

Gichan alitazama viatu vyake. "Kwa hiyo ndiyo tunaagana."

"Nani kasema? Nimesema siji. Sijasema usirudi. Treni zinakuja huku pia." Alimwekea kola sawa. "Jumamosi njoo umwone shangazi yangu, unipose kama watu wanavyoposa. Uvae tai. Yeye ndiye wa kubembelezwa, mimi nilishakubali."

Alimsukuma ndani ya behewa kabla hajapata la kujibu. Treni ikaondoka. Eunsim hakuwa amefika hata kwenye ngazi simu ilipolia.

"Tai ya rangi gani?" Gichan aliuliza, pumzi juujuu.

"Bluu."

"Sina ya bluu."

"Basi nunua," alisema Eunsim, akaharakisha hatua, maana kipindi cha kwanza chuoni kilikuwa kinakaribia kuanza.