Chandarua Kilichokatwa Pindo

Mume wangu ni fundi cherehani, na hakuna kitu kinachomkera kama kitambaa kinachoburuta chini. Pazia likigusa sakafu, hatulii. Akiona mtu anakanyaga suruali yake barabarani, anamfuata amwambie. Mimi nimemzoea. Siku nikitaka kumchokoza, nashusha sketi yangu kidogo tu, basi ananikodolea macho.

Mwaka huu alipata kazi ya kuziba mahema kwenye kambi ya mafundi wanaojenga daraja. Shule zilikuwa zimefungwa. Binti yetu akaomba twende wote. Aliomba asubuhi, akaomba jioni, mpaka masikio yangu yakachoka. Alikuwa hajamwona baba yake akikaa nyumbani kwa muda mrefu.

Nilisita kwa sababu moja. Miezi michache nyuma mtoto huyu aliugua malaria kali. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, akiwa hajitambui. Hofu ile bado ninayo moyoni.

"Tutakwenda nawe," nilimwambia mume wangu. "Ila mbu wakimla mwanangu, tunarudi nyumbani. Wewe utabaki na cherehani yako."

"Mbu wampatie wapi?" alisema. "Nina chandarua kipya, tena chenye dawa."

Tulipofika kambini, tulisimamisha hema karibu na dimbwi. Ardhi pale ilikuwa laini, vigingi viliingia bila taabu, na maji ya kufulia yalikuwa jirani. Tukajiona wajanja.

Kisha tukatandika godoro na kutundika chandarua. Kilikuwa kirefu, kikamwagika chini pande zote. Mume wangu akakunja uso. Akachukua mkasi, akakata, akapiga pindo safi. Kikaning'inia sawasawa na ukingo wa godoro. Kwa kipande kimoja akamshonea binti chandarua kidogo cha mwanasesere wake. Vipande vingine akavitia kwenye mfuko, maana fundi hatupi kitambaa. Kwa kweli kilipendeza, na mimi nilimsifu.

Asubuhi binti aliamka akijikuna. Mikononi, miguuni, hadi shingoni, vipele vitupu. Nikavuta begi, nikaanza kukunja nguo.

"Mama, tunarudi?" aliuliza.

"Tunarudi. Gari la kwenda mjini linaondoka kesho asubuhi."

Hakulia kwa sauti. Aligeukia ukuta wa hema, akamkumbatia mwanasesere wake. Roho iliniuma, lakini niliendelea kukunja nguo.

"Nipe hadi kesho," mume wangu alisema. "Nitawafukuza wote."

Jua lilipoanza kushuka, aliingia hemani na jiko la mkaa. Juu yake alikuwa ameweka majani mabichi. Akafunga zipu ya mlango, akatuambia tukae. Moshi ukajaa. Tulikohoa mpaka machozi yakatutoka.

Mara zipu ikafunguliwa kutoka nje. Alikuwa jirani yetu, mpima ardhi wa kambi. Mafundi walimwita Dada Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haitoki mkononi mwake. Amelala kwenye mahema miaka mingi kuliko aliyolala nyumbani.

"Fundi, unakausha samaki humu?" aliuliza.

"Nafukuza mbu, dada."

"Toa hilo jiko sasa hivi. Moshi unaumiza kifua. Tena mkaa ukiwaka mahali palipofungwa unatoa hewa ya sumu. Huioni, wala haina harufu. Watu wanalala, hawaamki."

Mume wangu alitoa jiko. Tukafungua mlango na madirisha, hewa safi ikaingia.

Dada Futi akaingia, akatazama huku na huku. Kwenye pembe akamwona mwanasesere. Alikuwa amelala juu ya kitambaa kilichokunjwa, na chandarua chake kimeingizwa chini ya kitambaa hicho pande zote.

"Nani amemlaza huyu?"

"Mimi, shangazi," binti alijibu. "Nimemchomekea ili wadudu wasiingie."

"Hongera, mwanangu. Humu ndani ni huyu peke yake aliyelala salama."

Kisha alipiga magoti kando ya godoro letu. Akapitisha mkono chini ya lile pindo safi la mume wangu. Mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko, na chandarua hakikutikisika.

"Mkono wangu umepita," alisema. "Mbu atashindwaje? Nani alikata hapa?"

Mimi nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama viatu vyake.

"Kilikuwa kinaburuta," alisema taratibu.

"Ndivyo kinavyotakiwa, fundi. Ule urefu ni wa kuingiza chini ya godoro. Suruali ina vipimo vyake, na chandarua kina vyake."

"Mganga hajigangi," nilisema.

"Na wewe," Dada Futi alinigeukia, "nani alichagua mahali hapa? Mbu wanataga mayai kwenye maji yaliyotulia kama haya. Nyinyi mmekuja kulala mlangoni pao."

Sasa zamu ya kutazama viatu ikawa yangu. Mahali pale nilikuwa nimepachagua mimi.

Mwanga ulikuwa bado upo. Tuling'oa vigingi, tukahamishia hema juu ya mwinuko, mbali na maji na vichaka. Pale upepo ulipita vizuri, na mbu hawapendi upepo. Dada Futi alitusaidia huku akiongea. Alituambia tumvalishe mtoto nguo za mikono mirefu na soksi kabla ya giza. Alinipa dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, nimpake binti pale tu ambapo nguo haifiki. Nisimpake viganjani, maana mtoto hupeleka mikono mdomoni na machoni.

"Na mlango?" niliuliza.

"Funga zipu kwanza, ndipo uwashe taa. Ukiwasha taa mlango ukiwa wazi, umewaalika wadudu wote karamuni. Na mabaki ya chakula yafunikeni, yakae mbali na hema, la sivyo siafu watawatembelea."

"Hicho chandarua nikifue, utoke huu moshi?"

"Kikichafuka sana, kifue polepole kwa sabuni laini, ukianike kivulini. Jua kali linaua dawa yake. Na huyu mtoto mtazameni. Akipata homa, leo au wiki zijazo, msingoje. Mpelekeni akapimwe."

Mume wangu alifunga zipu, akawasha taa, akakaa kwenye cherehani. Alitoa vipande kwenye mfuko, akaanza kuvirudisha chini ya chandarua kimoja kimoja. Alishona upande wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Upande wa nne vipande vikaisha. Akapapasa mfukoni, hakupata kitu.

Binti aliinuka. Akamtoa mwanasesere kwenye chandarua chake kidogo, akakiweka mbele ya baba yake.

"Shona na hiki, baba. Yeye atalala na mimi."

Mume wangu alikichukua kile kitambaa. Kisha akafumua nyuzi alizozishona kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza, tulichomekea chandarua pande zote nne. Dada Futi alikuwa ametuambia tuchomekee pande fupi kwanza, tuvute vizuri, na tufanye hivyo kila jioni.

Asubuhi gari la mjini lilipiga honi. Nilimtoa binti nje kwenye mwanga. Nikamkagua shingo, mikono, miguu, hata nyuma ya masikio. Vipele vilikuwa vilevile vya zamani, tena vimeanza kunywea. Mume wangu alisimama kando, begi langu mkononi.

"Mama, mnapanda?" dereva aliuliza.

Nilimnyang'anya mume wangu lile begi, nikalirudisha hemani.

"Nenda salama, dereva. Sisi tunabaki."

Likizo iliisha, na mtoto hakupata homa. Kila jioni alimshikia baba yake nyuzi, wakicheka mambo yao. Mwanasesere alishonewa chandarua kingine, kipana kuliko kile cha kwanza.

Siku hizi watu wa kambi wanamletea mume wangu vyandarua vilivyochanika. Juzi tulipomtembelea, fundi mmoja wa chuma alimuuliza, "Mbona unakiongezea urefu? Si kitaburuta?"

Mume wangu hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Kiache kiburute," alisema.