Gari Lirudi, Shamba Libaki

Kila alfajiri majirani wa Usangi walisikia honi ya Andrea. Aliipiga mara moja penye kona ya chini ya nyumba yake, kisha gari lake, Noah, likateremka na abiria wa Mwanga. Mkewe, Zipora, alisema honi hiyo ndiyo saa yake ya ukutani.

Barabara ya kufika kwao ilichimbwa kwa msaragambo. Majirani walikuja na majembe, wakaukata mlima na kuusawazisha bila malipo, ili gari la Andrea lilale nyumbani. Gari lenyewe lilikuwa la mkopo. Kampuni moja ya mjini Same ililinunua, na Andrea alipeleka marejesho kila mwezi. Lingekuwa mali yake siku atakapomaliza kulipa.

Kisha kiharusi kikampiga. Mguu wa kulia ukawa mzito, na mkono pia. Daktari akamwambia asahau usukani.

Aibu ilimuuma Andrea kuliko ugonjwa. Marejesho yakakoma, naye akazima simu kampuni isimpate. Akamwomba Zipora alifunike gari kwa majani makavu ya migomba, nyuma ya nyumba.

"Watu walinichimbia barabara," alisema. "Kampuni ikilichukua, nitawaambia gari limeenda wapi?"

Zipora alilifunika kwa sababu alimpenda mumewe, si kwa sababu aliona akili yoyote katika jambo hilo.

Haikupita miezi miwili akaja Shedrack, kijana anayefuatilia madeni ya kampuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naona migomba yenu siku hizi inaota vioo vya pembeni."

Zipora hakucheka. Alimweleza kuhusu ugonjwa. Shedrack akatoa karatasi na kumsomea. Ilisema familia itarudisha gari, itaendelea kulipa marejesho yote yaliyobaki, na shamba lao la kahawa na ndizi litakuwa dhamana.

"Turudishe gari, na bado tulilipie?"

"Ugonjwa haumo kwenye mkataba, mama. Wekeni sahihi. Msipoweka, Ijumaa nakuja na gari la kuvuta."

Zipora alimrudishia karatasi. Shamba lile ndilo lililokuwa likiwalisha sasa.

"Hatusaini," alisema. "Njoo na gari la kuvuta, njoo na treni ukitaka. Shamba hili hatukulikopa kwenu."

Shedrack alipoondoka, Zipora alikwenda kwa jirani yake Agatha, msaidizi wa kisheria. Agatha hakutaka maneno mengi. Alitaka mkataba. Ulikuwa sandukuni tangu siku uliposainiwa, na hakuna aliyewahi kuusoma. Agatha aliusoma wote, taratibu.

"Mama Faraja, mlikosea kuficha gari," alisema. "Mtu akificha, anaonekana mwizi. Lakini Shedrack naye hakusema kweli. Mkataba wenu unaruhusu kuusitisha kabla ya muda. Mume wako aandike barua, arudishe gari likiwa zima, na alipe marejesho ya miezi aliyoruka. Ya mbele hayamhusu."

"Na shamba?"

"Halitajwi popote. Litaingia mkisaini karatasi ya Shedrack."

"Basi aje Ijumaa, nimwonyeshe."

"Hapana, usimsubiri. Wakilikamata gari kabla ya barua kufika, mnapoteza nafasi hiyo. Ndivyo unavyosema mkataba wenu. Wa mtu mwingine unaweza kusema tofauti, ndiyo maana tunasoma kwanza."

Nyumbani, Andrea aligeukia ukutani.

"Kulirudisha ni kushindwa," alisema.

"Kujificha kwenye majani ndiko kushindwa," Zipora alijibu. "Gari tulilikopa, Baba Faraja. Barabara hatukuikopa. Haiendi popote."

Andrea aligeuka kutoka ukutani. Kisha akaomba kalamu. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikalala kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Alhamisi Zipora aliyaondoa majani yote mchana kweupe, majirani wakiona. Aliliosha gari na kulipiga picha kila upande, kama Agatha alivyomwelekeza. Jirani mwingine, Omari, mwenye leseni, akashika usukani. Andrea alikaa pembeni yake. Walipofika penye kona, alisema, "Piga honi, Omari. Hatushuki kama wezi."

Ofisini Same, Shedrack alitoa tena karatasi yake. Zipora akaisukuma ikamrudia.

"Barua yetu hii hapa, na cheti cha daktari hiki," alisema. "Gongeni muhuri kwenye nakala yetu. Kisha twendeni nje tukalikague gari pamoja."

Meneja aliusoma mkataba, akalikagua gari, akakubali. Walilipa miezi waliyoruka kwa fedha ya ndama waliyemuuza. Shedrack alidhani wamemaliza, akafungua mlango. Zipora hakuinuka.

"Sitoki hapa bila karatasi inayosema hatudaiwi," alisema.

Wakaiandika. Yeye akaisoma mstari kwa mstari kabla ya kuikunja.

Hospitalini walimwambia Andrea afanye mazoezi ya kutembea mahali palipo sawa. Usangi ni kupanda au kushuka tu. Mahali pekee palipo sawa karibu na nyumba yao ni barabara ile iliyochimbwa kwa msaragambo. Kwa hiyo kila alfajiri anaishika fimbo yake na kuifuata barabara hiyo hadi penye kona. Majirani wanamsalimia, naye anawajibu bila kuinamisha kichwa.

Honi haisikiki tena. Zipora, akiwa jikoni, husikia fimbo ikigonga chini, akajua kumekucha.