Udi Uliotangulia Kahawa

Siku ya tatu ya Idi, nyumba ya Harub pale Birkat al Mauz, Omani, ilinukia shuwa, nyama iliyofukiwa shimoni na makaa mpaka ikalainika. Harub alikula, akayakomba na mafuta yaliyobaki sahanini.

Wageni walitoka Sur, mtaa wa Aija, kuja kumposa binti yake, Najla. Wanaume walikaa ukumbini. Desturi ya huko inajulikana: mgeni hula, kisha huletewa halua na kahawa, na mwisho hufukizwa udi. Udi ukishapita hakuna kukaa tena. Kila mtu huaga.

Harub alikwenda jikoni kuchukua dele la kahawa. Alilishika kwa mkono wa kushoto, ili wa kulia ugawe vikombe. Mara akalirudisha mezani.

"Mkono mzito," alisema. "Na kiungulia hiki! Badria, nipe maji ya majani ya zaatari, yanitulize tumbo."

"Nilikwambia usikombe mafuta," mkewe alimcheka. "Ulaji gani ule, kama wewe ndiye unayeposwa!"

Jirani yao Kaltham, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa akipanga halua. Yeye hakucheka. Jikoni mlikuwa na ubaridi wa kiyoyozi, lakini Harub alikuwa akitokwa na jasho.

"Ami, kifua kinachoma au kinabana?"

"Kinabana. Kama mtu kakikalia."

"Na maumivu yanakwenda wapi?"

"Mkononi, na huku juu kwenye taya."

"Kaa chini, ami. Hili si la zaatari. Huenda mshipa wa moyo umeziba. Moyo ukikosa damu, nyama yake hufa kidogo kidogo. Naita gari la wagonjwa."

"Niwaache wageni wa posa? Aibu gani hiyo! Wakishakunywa kahawa nitajiendesha mwenyewe mpaka hospitali."

"Ukizimia njiani je? Utaua na wenzio."

"Basi ngoja waondoke."

Najla alikuwa mlangoni, macho yamejaa machozi. "Baba, mchumba nitapata mwengine."

Harub hakusikia la mtu. Alishika meza, akataka kuinuka.

Badria hakubishana naye. Alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi juu yake, akaenda ukumbini nao mwenyewe.

Wageni waliduwaa. Udi, na kahawa hawajaionja?

"Bibi, tumekosa nini?" aliuliza Saud, baba wa mposaji.

"Hamjakosa kitu. Mwenzangu moyo umemshika, na hataki kuondoka maadamu nyinyi mmekaa."

Saud akasimama hapo hapo. Aliuvuta moshi ndevuni mara moja tu. "Jamaa, tumeshafukizwa! Mwambieni tumekwisha kuaga. Na ondosheni magari mlangoni, gari la wagonjwa lipite."

Jikoni, Kaltham alikuwa ameshapiga simu ya dharura, 9999. Mtu wa upande wa pili aliuliza kama aspirini humdhuru Harub, kisha akasema atafune kidonge. Hawakumwacha peke yake hata kidogo. Gari lilipofika, njia ilikuwa nyeupe.

Katika Hospitali ya Nizwa madaktari waliuzibua mshipa. "Mmewahi," daktari alimwambia Badria. Badria akakaa kitako pale pale, akalia kwa furaha.

Harub aliporudi nyumbani, Kaltham alikuja kumtazama.

"Shikamoo, ami. Hospitali wanasema uliacha vidonge vya presha. Uliviachia nini?"

"Marahaba. Nilijiona mzima, mwanangu."

"Presha haipigi hodi. Mtu hujiona mzima, kumbe mishipa inaumia. Usiache dawa bila ya kumuuliza daktari. Na sigara, khalas, basi tena." Akamgeukia Badria. "Nawe pima, presha na sukari. Sisi wanawake pengine kifua hakiumi sana. Unachoka bila ya sababu, pumzi inakata, unasikia kichefuchefu. Usiseme ni kazi za nyumbani."

"Na shuwa?" Harub aliuliza kwa unyonge.

"Kipande kidogo, bila ya mafuta. Chumvi ipunguzeni nyote."

Tangu hapo Harub na mkewe hutembea kila asubuhi kando ya falaji, mfereji unaonywesha migomba. Mwanzo alikuwa akitweta. Sasa Badria ndiye anayemwambia, "Nisubiri, bwana!"

Wageni wa Sur walirudi. Saud aliingia akicheka. "Leo tukae, au udi uko tayari?"

"Kaeni, kaeni!"

Harub alilishika dele kwa mkono wa kushoto. Haukuwa mzito tena. Alimimina, akampa Saud, akamimina tena, na posa ikakubaliwa.

Badria alingoja mpaka kikombe cha mwisho kirudi. Ndipo akatia udi kwenye makaa.