Maziwa ya Ndaki

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikishamaliza kufua sare, niliketi bwaloni na kuandika barua tatu. Kituo chetu cha watoto kipo Ushirombo, na mimi Limi, wa darasa la sita, ndiye niliyesifiwa kwa mwandiko mzuri. Sista Agatha, mlezi wetu, hakutaka kuwashukuru wafadhili kwa simu.

"Ujumbe wa simu hufutwa," alisema. "Barua inakaa."

Barua ya tatu ilikwenda Kahama kwa mwenye duka la vitambaa pale Nyahanga. Jina lake Vasanti, ila mtaa mzima humwita Mama Varsha. Kila mwezi alimpa Donatus, dereva wetu, katoni ya maziwa ya unga kwa ajili ya uji wetu sote na vikombe vyetu vya jioni, na ndani yake mfuko wa dawa za mdogo wangu Ndaki. Ndaki alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaouma mifupani mpaka mtu anapiga kelele. Nami niliandika: "Ndaki anaendelea vizuri. Anakunywa maziwa yake yote. Anakusalimu."

Februari Ndaki alifariki. Alikuwa na miaka minane. Tulimzika Jumanne, mvua ikanyesha, na Jumatano nikaenda shule.

Watu wakasema, "Huyu mtoto ana moyo mgumu, hajatoa hata chozi." Waache waseme. Moyo wangu haukuwa mgumu wala laini. Sikusikia chochote. Kengele ikilia nilisimama, ikilia tena nilikaa.

Mwezi ulipoisha nikachukua nakala ya barua ya Januari, nikaiandika upya neno kwa neno. Nilipofika kwenye mstari wa Ndaki, kalamu haikusita. Sista Agatha alitia saini bila kusoma kwa sababu fundi wa pampu alikuwa akimsubiri nje. Machi ikawa vilevile. Aprili vilevile. Dawa zilipokuja nilizipeleka stoo, nikaziweka kwenye rafu ya juu, nikafunga mlango.

Mwisho wa Mei, kabla sijaandika barua ya mwezi huo, Donatus alirudi kutoka Kahama na bahasha tu.

"Katoni iko wapi?" Sista akamwuliza.

"Hakuna katoni, Sista. Mama Varsha kaniuliza, 'Ndaki hajambo?' Nikamwambia, 'Mama, Ndaki yupi tena? Si tulimzika Februari?' Loo! Akakaa chini palepale juu ya majora ya vitambaa. Sijawahi kumwona vile."

Ndani ya bahasha zilikuwemo barua zangu tatu na karatasi moja fupi: "Nimemwombea mtoto huyu kila asubuhi, kumbe namwombea marehemu. Kweli fadhila za punda ni mateke. Msiniandikie tena."

Sista alizipanga barua mezani. Zilifanana kama matofali.

"Limi, kwa nini?"

"Sijui, Sista."

"Hujui?"

Niliangalia mikono yangu. "Nikiandika kwamba hayupo," nikasema, "basi hayupo."

Sista alizigeuza barua moja moja, akaiona saini yake chini ya kila moja. Kisha akasema, "Na mimi nimetia saini mara tatu bila kusoma. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na hii tumeitembea wawili."

Wiki ile tulikunywa uji wa maji. Agapiti, mdogo kuliko wote, alionja, akakisukuma kikombe. "Huu si uji," akasema. Hakuna aliyemkaripia, maana alisema kweli. Nilikiangalia kikombe chake kimejaa, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nikasikia kitu. Niliona aibu.

Nikamwomba Sista karatasi. Safari hii sikutafuta nakala.

"Shikamoo Mama Varsha," niliandika. "Ndaki alifariki tarehe kumi na mbili Februari, alfajiri. Nilikudanganya mara tatu. Dawa zako sijazifungua, Donatus atakurudishia. Usitusamehe mimi na Sista kama hutaki, lakini Agapiti na wenzake hawajakosa. Ni mimi, Limi, dada yake."

Sista aliisoma yote, kila neno, ndipo akaandika chini, "Na mimi nimekosa," akatia saini.

Siku nne baadaye gari dogo jeupe liliingia uani. Akashuka mama mwembamba mwenye miwani, amejitanda sari ya kijivu. Nilijua ni nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Limi?" Hakutabasamu. "Pole, mwanangu. Pole sana. Pole hii nilitakiwa nikupe Februari, ukaninyima nafasi."

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Tuliketi bwaloni. Akatoa kwenye mkoba barua za miaka miwili, zimefungwa kwa uzi. "Nazisoma, lakini huyu mtoto simjui. Kila mwezi 'anaendelea vizuri'. Niambie ukweli. Alikuwaje?"

"Alikuwa mbishi," nikasema. "Aliogopa bata. Na maziwa..." Nikasita.

"Maziwa yamefanyaje?"

"Hakuyapenda, mama. Hata kidogo. Alinipa mimi kwa siri, nikanywa."

Mama Varsha alinikodolea macho. Halafu akaangua kicheko. "Kumbe miaka miwili namnywesha dada mtu!" Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho, na alipoyafuta nikaona halii kwa kicheko tena. Hapo ndipo nami nikalia. Nililia machozi ya miezi minne, kichwa mezani, na mkono wake ukiwa mgongoni mwangu.

Katoni ilikuwa ndani ya gari. Kumbe alikuja nayo tangu mwanzo. Dawa alisema zirudi dukani zilikonunuliwa.

Jioni Sista Agatha alitukusanya wote. "Anayetusaidia si mfuko wa fedha," alisema. "Ni mtu, na ametupa moyo wake. Habari njema mpeni, na mbaya mpeni vilevile, kwa sababu ni yake pia. Mfadhili habaki kwa kusifiwa. Anabaki kwa kuaminiana."

Siku hizi Sista husoma kabla ya kutia saini. Nami mwisho wa Juni niliandika hivi: "Mama Varsha, kuku wawili wameibwa. Hesabu nimepata alama thelathini kwa mia. Maziwa bado nakunywa, ila sasa nakunywa ya kwangu tu, na hayana utamu uleule."