Nguo za Kushindia

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alitambaa chini ya meza ya cherehani na sumaku mkononi, akiokota pini zilizoanguka jana yake. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na pini iliyosahaulika sakafuni haikukosa mguu wa kuchoma. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliokota huku akisimulia, na akishaanza kusimulia, masikio yake yalifunga duka.

Asubuhi hiyo Mama alikuwa na habari. "Kesho hatufungui. Tunampeleka Bibi baharini, siku nne. Shangazi yako ametupatia chumba kwenye ile nyumba ya wageni anayofanyia usafi."

Bibi, mzaa baba, alikuwa ametoka hospitali wiki mbili kabla. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu ilimvimba. Tangu alipolazwa hospitalini, aliomba jambo moja tu: kuketi ndani ya maji ya bahari, mawimbi yamfike kiunoni, kama alivyofanya alipokuwa msichana. Daktari alikubali, mradi asikose dawa hata siku moja.

"Begi ni moja kwa watu watatu," Mama alisema, "na nitalibeba mimi, maana baba yako yuko njiani na lori lake. Kwa hiyo nguo za kushindia tu, mbili mbili. Lile gauni la Bibi la kijivu nimelishonea mfuko kwa ndani. Dawa zake na cheti cha hospitali vimo humo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Hakusikia. Akili yake ilinasa kwenye lile neno, kushindia, ikaling'oa irabu moja, likabaki kushinda. Naye alikuwa na mtu wa kumshinda! Mwaka uliopita binamu yake, binti wa Shangazi, alimtazama juu hadi chini, akamwuliza kama gauni lake lilifuliwa kwa mawe. Safari hii angemwonyesha.

Jioni alipoachiwa begi alifunge, aliongeza magauni matatu ya sherehe, moja likiwa la neti lenye marinda yaliyosimama wima, na viatu vya soli nene. Zipu ikagoma. Akalikalia begi, bado ikagoma. Akatoa nguo zake za kushindia, haikusaidia. Ndipo alipolivuta lile gauni la kijivu, limepauka, limekunjwa chini kabisa. Aliona ni tambara tu. Akalisukuma chini ya kitanda, na zipu ikaenda bila ubishi.

"Vitu vya Bibi vimo?" Mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Vimo vyote."

Kesho yake alasiri walifika. Dirisha la chumba lilitazama bahari, na Bibi alipoiona alicheka kwa sauti. "Kesho asubuhi naingia," alisema. "Leo nipeni gauni langu, ninywe dawa nipumzike."

Mama akafungua begi. Ikatoka neti, yakatoka marinda, vikatoka viatu. Akalipindua begi na kulikung'uta. "Chiriku, gauni la Bibi liko wapi? Dawa zimo humo!"

Hapo neno moja la kweli lingetosha. Lakini Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alilikosa hilo. "Labda limeanguka kwenye basi," alijibu.

Kutwa nzima iliyofuata Mama alikuwa kituo cha mabasi, akiinama chini ya viti, basi moja hadi jingine. Shangazi alikwenda zahanati, muuguzi akamwambia, "Moyo si mafua. Siwezi kutoa dawa kwa kukisia. Nileteeni majina." Majina yalikuwa kwenye cheti, na cheti kilikuwa mfukoni mwa gauni. Simu ya hospitali iliita mpaka ikachoka.

Chiriku aliambiwa atoke nje asimsumbue mgonjwa. Akaenda ufukweni amevaa gauni la neti, kwa kuwa hakubeba nguo ya kushindia. Neti ilimwasha shingoni na mchanga ukajaa viatuni. Binamu yake akatoka majini amevaa fulana kuukuu inayomfika magotini, inachuruzika.

"Kuna harusi?" aliuliza, tena bila kejeli. Kisha akakaa kando yake. "Bibi anahema vibaya. Mama yangu analia jikoni. Unadhani atakufa?"

Chiriku alijichukia. Akavua viatu, akakimbia chumbani.

Bibi alikuwa ameegemezwa mito mitatu, midomo imekauka. Chiriku akapiga magoti. "Bibi, halikuanguka. Nililitoa mimi. Liko nyumbani, chini ya kitanda."

Shangazi, aliyesikia akiwa mlangoni, hakumgombeza. Angemgombeza, ingekuwa nafuu. Alichukua simu akampigia Mama, na Mama akampigia mzee fundi viatu, jirani wa duka aliyeachiwa ufunguo wa akiba wa nyumba. Yule mzee akatambaa chini ya kitanda, akamsomea muuguzi majina ya dawa kwa simu, herufi kwa herufi. Kabla jua halijazama, Bibi alikuwa zahanati, amemeza dawa.

Lakini siku zilizopotea hazikurudi. Walimlaza hapo siku mbili. Siku ya nne walimruhusu, kwa sharti kwamba asiingie majini, mwili hauna tena nguvu hiyo. Kabla ya basi walikuwa na nusu saa tu. Wakamketisha kwenye kiti cha plastiki mchangani, wimbi likafika vidoleni pake, likarudi.

"Nisamehe, Bibi," Chiriku alisema akilia.

"Nimekusamehe tangu juzi. Sasa nisikilize, maana leo masikio yako wazi. Mama yako alisema nguo za kushindia. Sisi tulikuja kushinda hapa, mjukuu wangu. Wewe ulikuja kushindana. Mtu wa kushinda ufukweni, nguo mbili zinamtosha. Lakini hilo la nguo ni dogo, utakua uliache. Uongo ndio ulioniumiza. Gauni lilikuwa chini ya kitanda, ila siku yangu ya bahari uliificha mdomoni mwako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

"Tutarudi mwakani, Bibi. Nitabeba nguo mbili tu."

Bibi aliitazama bahari.

Chiriku akaingia majini na neti yake, akachota maji kwa viganja, akammwagia Bibi magotini. Akarudi kuchota tena, na tena, mpaka Mama alipowaita kwamba basi limefika.