Magunia ya Chumvi ya Papa Feruzi

Miaka ile ya Zaire, meli zilipokuwa bado zinapiga honi kila juma pale bandarini Kisangani, Hadidja alikuwa akitoka shule anapitia ofisini kwa Tantine Nyota, mdogo wa mama yake. Tantine ndiye aliyeandika amri za kompyuta ya depo, ghala la pale bandarini, na alimfundisha Hadidja polepole. Sheria zake zilikuwa kwenye daftari: kazi ya kila kibonye iandikwe mahali pamoja tu, na atakayegusa amri aweke jina lake na sababu.

Jumatatu moja karani alinung'unika kwamba anasahau kubonya kibonye cha mwisho, hivyo magunia yaliyofika hayaingii hesabuni. Hadidja akaongeza amri yake kimyakimya: karani akishaandika idadi, mashine ijumlishe papo hapo. Ile amri ya kibonye cha mwisho akaiacha. Jina hakuweka, alitaka kumshangaza Tantine.

Alhamisi, pale ofisini kwa Tantine, alimkuta Papa Feruzi, mtunza depo, amesimama mbele ya mkurugenzi, kofia mkononi.

"Mashine inasema chumvi iko magunia makumi sita," mkurugenzi alisema. "Kule iko makumi tatu. Zingine umekula na mboga?"

"Citoyen directeur, miaka kumi na nane niko hapa. Sikuonja hata punje."

"Bon. Weka funguo hapa mezani, uende nyumbani."

Papa Feruzi akazifungua kwenye mkanda wake, akaziweka mezani. Hadidja akapiga hesabu. Thelathini mara mbili! Na hakuna ambaye angejua.

"Papa directeur, ni mimi," akasema. "Niliandika amri mahali pa pili. Karani akikumbuka kubonya kile kibonye, mashine inajumlisha mara mbili."

Tantine akaitafuta ile amri, akaifuta, kisha akajaribu gunia moja. Likaongezeka moja. Mkurugenzi akamsukumia Papa Feruzi funguo zake. "Unisamehe, Papa."

"Mutoto," Papa Feruzi akamwambia Hadidja, "na vidole vidogo hivi ulitaka kunifukuzisha kazi?" Akacheka, lakini macho yalikuwa na machozi.

Tantine hakucheka. "Kusaidia iko vizuri, Hadidja. Lakini kazi ya kufichaficha, hata ya nia njema, inaangukia mutu mwingine. Mungu alikuona ukiandika, na leo amekuona ukisema. Sasa fuata Papa kule depo, uhesabu yale magunia kwa mukono, moja moja, ujue ni kitu gani tunaandikaka humu."